Kifua cha Mtu Mwingine

Bahasha ilikuwa chini ya godoro, upande aliokuwa akilala Manyang. Ilikuwa bahasha kubwa ya kaki, na Inspekta Abang alipoivuta ilitoa mlio wa bati jepesi. Alijua kilichomo kabla ya kuifungua. Juba nzima ilizijua bahasha za namna ile mwaka huo wa 2008. Zilikuja na basi kutoka Kampala, na mtu akiipokea yake hakuikunja wala kuiweka chini.

Siku nne zilikuwa zimepita tangu watu wa matangi ya maji wauopoe mwili wa Manyang Aguer mtoni, chini kidogo ya soko la Konyo Konyo. Alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, mwenye karakana mtaa wa Hai Mauna, umri arobaini na kitu. Ndugu zake hawakukubali kwamba aliteleza. Mtu aliyeanza kuvuka mto huo akiwa na miaka kumi, ameshika mkia wa ng'ombe, hafi maji kama kuku, walisema. Siku hiyo hiyo walimleta kituoni Lam, mshirika wake wa karakana, amefungwa kamba ya manila mikononi. Ushahidi wao ulikuwa mmoja: Lam alikutwa na barakoa ya kuchomelea ya marehemu, ile ambayo Manyang hakuwahi kumwazima mtu.

Abang hakuwa na daktari wa kupasua maiti, na hata angekuwa naye, maiti ilizikwa kesho yake. Gari la kituo lilikuwa halina mafuta tangu mwezi uliopita. Amani ilikuwa na miaka mitatu, serikali mpya, na polisi wake walikuwa na vyeo vingi kuliko viatu. Alichokuwa nacho ni daftari, miguu, na kitu kimoja alichokiona mwenyewe ukingoni mwa mto: ndala za Manyang, zimewekwa pamoja, ncha zikitazama maji, na ndani yake simu na funguo za karakana. Mtu anayesukumwa hapangi viatu. Hilo alikuwa amelifikiria siku nne bila kumwambia yeyote.

Ndani ya bahasha mlikuwa na filamu mbili nyeusi, kila moja ina vijipicha ishirini vilivyopangwa kwa safu, na karatasi moja iliyopigwa chapa kwa Kiingereza. Aliisoma akiwa amesimama. Jina, Manyang Aguer. Kuzaliwa, tarehe moja Januari 1962. Kipimo, CT ya kifua. Uvimbe katika sehemu ya juu ya pafu la kulia, sentimita mbili nukta sita, wenye kingo za miiba. Inashukiwa sana kuwa saratani. Inashauriwa kuchukuliwa kinyama kidogo cha kupima. Tarehe ya chini ilikuwa ya wiki sita nyuma.

Aliketi kitandani. Alimwonea huruma marehemu, na papo hapo akaona moyo wake umepumua, kwa sababu kesi ilikuwa imejimaliza yenyewe. Aliona haya kwa hilo. Kisha akamwita mjane.

Adut aliingia na chai, ingawa hakuna aliyeiomba. Alikuwa amelelewa Kitale, na msiba ulikuwa umemwacha na sauti ya mtu aliyetoka kulala. Abang alimweleza polepole kilichoandikwa. Adut hakujua. Mumewe alirudi kutoka Kampala, na siku chache baadaye akasema majibu yamekuja na hawajaona kitu, na bahasha hakuiona kabisa. Lakini sasa, akiwa amesimama na kikombe mkononi, alianza kuzikumbuka zile wiki. Manyang alirekebisha mlango uliokuwa ukikwama tangu masika. Alimfundisha kuwasha jenereta mwenyewe. Alimnunulia mtoto sare za shule za saizi mbili, ya sasa na ya mwaka ujao. Na kansa Manyang hakuhitaji kuelezewa na mtu, alisema Adut. Mama yake Manyang alikufa nayo kambini Kakuma, kwenye titi, miezi mitano, na dawa ilikuwa Panadol. Mwanawe ndiye aliyekuwa akimgeuza kitandani.

Abang alifikiri wamemaliza. Alikuwa ameshaanza kutunga moyoni maneno ya ripoti. Adut akachukua filamu ya kwanza, akaiinua dirishani, akaitazama kijipicha kwa kijipicha kama mtu anayechambua mchele. Akachukua ya pili. Chai ilipoa.

"Inspekta," alisema, "risasi iko wapi?"

"Risasi gani?"

"Yake. Alipigwa Kapoeta, ikabaki ndani, hapa nyuma ya bega ya kushoto. Nimelala kando ya hiyo risasi miaka kumi na moja. Mvua ikikaribia inamuuma, tunaanua nguo. Hii mashine imeona mpaka mishipa, na chuma haijaona?"

Abang alichukua filamu akatazama mwenyewe. Aliona weusi, weupe, na vivuli ambavyo hakujua majina yake. Alisema pengine picha haikufika begani. Adut alitikisa kichwa, akaweka kidole juu ya safu ya kwanza, ambapo mifupa ya mabega ilikaa pande zote mbili, myeupe na safi.

"Hii si kifua ya Manyang," alisema.

*

Mpelelezi hachukui neno la mjane peke yake, hata akilipenda. Abang alirudi kituoni, akamtoa Lam mahabusu, akamkalisha kwenye benchi la nje penye hewa.

Alimwuliza kwanza kuhusu risasi, bila kumwambia kwa nini. Lam alijibu bila kufikiri. Bega la kushoto, nyuma, chini kidogo ya mfupa. Yeye ndiye aliyembeba Manyang siku ile mpaka kwa wauguzi, na wauguzi walisema ukiitoa atakufa, ukiiacha ataishi nayo. Jibu lilifanana na la Adut mpaka kwenye upande.

Kisha akamwuliza kuhusu barakoa. Hapo Lam alinyamaza, kama alivyonyamaza siku nne zote, na kila aliyemwona alisema ni hatia. Abang alimwambia tu kwamba ameziona ndala za Manyang na anajua zilivyopangwa.

Lam alifunika uso. Manyang alimpa barakoa kwa mkono wake, alisema. Alasiri ile, karakanani. Alimwambia: macho yangu yamechoka, itumie wewe. Lam aliipokea na kufurahi. Alicheka, hata akaijaribu mbele ya kioo cha pikipiki.

"Ningewaambia nini, afande?" alisema. "Ndugu yangu alikuwa ananiaga, na mimi najiangalia kwa kioo."

Abang alijaza fomu ya kumwachilia, akaigonga muhuri yeye mwenyewe kwa sababu mwenye muhuri alikuwa kwenye mazishi mengine. Alimwambia aende kwa shemeji yake Adut akae naye.

*

Daktari Saturnino alikuwa na zahanati ndogo mtaa wa Thongpiny, nyuma ya uzio wa shirika moja la misaada. Ndiye aliyemtuma Manyang Kampala. Fundi huyo alikuwa ametibiwa kifua kikuu mara mbili na bado anakohoa. Daktari alitaka kujua ni makovu, ni moshi wa kuchomelea, au ni kitu kingine, na Juba haikuwa na mashine ya kumjibu. Alimwambia arudi na bahasha. Manyang hakurudi.

Umeme ulikuwa umekatika, kwa hiyo daktari alizibandika filamu kwenye kioo cha dirisha kwa plasta ya vidonda. Alivaa miwani. Alikuwa mzee wa Torit aliyesomea Uganda, na alizungumza kama mtu anayefundisha hata asipoulizwa.

Picha ya kawaida ya eksirei, alimweleza, ni kivuli cha kila kitu kwa pamoja, moyo juu ya pafu, mbavu juu ya moyo. Uvimbe mdogo hujificha humo miezi na miezi. Mashine hii humkata mtu kwa macho tu, kipande kwa kipande, kama mkate wa boflo, na kila kijipicha ni kipande kimoja ukikitazama kutokea miguuni. Kwa hiyo pafu la kulia liko kushoto kwako. Alionyesha kwa ncha ya kalamu. Palikuwa na doa jeupe si kubwa kuliko punje ya hindi, na kando yake nyuzi nyembamba zimesambaa kama mizizi ya kitunguu.

"Kovu la kifua kikuu halikai hivi," alisema. "Hii mimi naiogopa. Lakini jina lake hasa halijulikani mpaka wachukue kinyama. Karatasi imesema inashukiwa. Haikusema amekufa."

Abang akamwuliza kuhusu chuma. Mzee alisogea karibu na dirisha, akapitia safu ya kwanza, akarudia. Chuma hakijifichi kwenye mashine hii, alisema. Kingewaka cheupe kuliko mfupa na kurusha miale pande zote, kingeharibu hata picha za jirani. Kisha akavua miwani.

"Ya binti, mimi niliigusa hiyo risasi. Nilipompima mgongo niliisikia chini ya kidole changu. Angeniletea hii, ningemwambia hapo hapo si yako, rudi nyumbani kwa mke wako."

Nje mtu alikuwa akijaza pipa maji. Abang aliuona sasa ule mlango ambao Manyang alipitia. Mkimbizi aliyesoma Kakuma anajua Kiingereza cha kutosha kujihukumu. Wazee wasiosoma walizipeleka bahasha zao kwa daktari zikiwa zimefungwa, kwa sababu hawakuwa na njia nyingine. Hawa waliosoma walizifungua sokoni.

Lakini kulikuwa na swali lingine, na lilikuwa la leo. Kama hiki hakikuwa kifua cha Manyang, mwenye kifua alikuwa mahali fulani, na huenda hajui. Abang aliuliza mtu huyo ana muda gani.

Daktari alihesabu. Wiki sita zilizopita tezi za katikati zilikuwa hazijavimba. Ini, sehemu inayoonekana, safi. Uvimbe mmoja, mdogo, peke yake: mpasuaji mzuri wa Kampala au Nairobi angeweza kuutoa na mtu akaishi. Akipatikana wiki hii, labda bado. Akipatikana Krismasi, daktari hakutaka kusema.

*

Ofisi ya vifurushi ilikuwa kontena la buluu lililokatwa dirisha, pembeni mwa Konyo Konyo. Mwenyewe aliitwa Namutebi, mama wa Kiganda aliyekuja Juba mwaka wa kwanza wa amani na mizigo miwili ya vitunguu, na sasa hakuna kilichopita kati ya miji miwili bila yeye kukijua. Abang aliingia akiwa na dhana mbaya. Alifikiri pengine kuna mtu anayeuza majibu, anayewapa wazima karatasi za wagonjwa ili wakimbilie dawa za bei. Alikuwa ameshaona mabaya zaidi.

Namutebi alimwekea kigoda. Alieleza kazi bila kuficha. Mgonjwa hupanda basi, hupimwa Kampala, lakini msomaji wa picha huchukua siku tatu au nne, na nani ana mahali pa kulala Kampala siku nne? Basi mgonjwa hurudi, na bahasha humfuata. Basi likifika, Namutebi husimama juu ya kreti na kuita majina. Mtu akijibu, hutia sahihi kwenye kitabu na kuichukua.

Alikifungua kitabu. Abang alipitisha kidole mpaka tarehe aliyoitaka. Ilikuwa na majina saba. Jina la tatu lilikuwa Manyang Aguer. Jina la sita lilikuwa Manyang Aguer.

"Walikuwa wawili," alisema Abang.

"Wawili, nyabo. Mumoja alikuja asubui, mumoja saa nane."

"Na uligawa vipi?"

Namutebi hakukasirika. Ilionekana ni jambo ambalo halikuwahi kumjia, na sasa lilikuwa linamjia, na uso wake ulibadilika taratibu.

"Mimi naangalia jina. Jina ni moja. Naangalia siku ya kuzaliwa, mpaka mwaka, nayo ni moja. Nyinyi watu wote munazaliwa tarehe moja mwezi wa kwanza. Sasa mimi nachagua namna gani? Nilitoa ile ya juu."

Abang mwenyewe alizaliwa tarehe moja Januari, na sajini wake, na nusu ya kituo. Karani wa kambini aliwauliza siku ya kuzaliwa, mama zao wakasema ilikuwa wakati wa mtama kuchanua, na karani hakuwa na mahali pa kuandika mtama. Akaweka tarehe moja Januari, akaita anayefuata. Walizoea kulifanyia mzaha. Sikukuu ya taifa zima, walisema, keki ingetoka wapi.

Na majina. Kwao mtu ana jina lake, la babake, na la babu. Majina mawili ni mlango tu, la tatu ndilo linalokuingiza ndani. Huyu wa Mauna alikuwa Manyang Aguer Kuol, kila mtu alimjua hivyo. Lakini fomu ya Kampala ilikuwa na nafasi mbili, na watu waliofundishwa kambini kujaza nafasi walizopewa walijaza mbili.

Alimwuliza Namutebi kama anamkumbuka wa pili. Hakumkumbuka. Namba ya simu aliyoiandika haikupatikana, Abang aliijaribu mara tatu. Alibaki anakitazama kitabu, na ndipo akaona wino. Kalamu ya ofisi ilikuwa imefungwa kwa uzi kwenye dirisha, ya buluu, na sahihi zote saba zilikuwa za buluu isipokuwa moja. Manyang wa pili alitia sahihi kwa wino mwekundu, kwa herufi zilizosimama wima, kila moja peke yake.

"Alitumia kalamu yake," alisema Abang.

Namutebi akakumbuka. Kalamu ya ofisi ilikuwa imegoma kidogo siku ile, yule mtu akatoa yake mfukoni. Alikuwa na rundo la madaftari kwapani, yamefungwa kwa mpira wa tairi. Alikuja kwa mguu, alikuwa akihema na kukohoa, na aliposoma karatasi yake alikaa pale juu ya kreti muda mrefu. Alipoinuka alimshukuru mara mbili.

Mwalimu, basi, na shule isiyo mbali kwa mtu anayehema.

*

Shule ya kwanza hawakumjua. Ya pili ilikuwa na madarasa ya mabati, na Abang alisikia kikohozi kabla ya kumwona mtu. Alikuwa nje ya darasa la tano, ameinama, leso mdomoni, huku watoto wakiendelea kusoma ubaoni kwa sauti moja. Alikuwa mrefu, mwembamba, shati limepigwa pasi. Kalamu nyekundu ilikuwa mfukoni.

Abang alijitambulisha. Alisema amekuja kwa ajili ya bahasha.

Mwalimu hakuuliza bahasha gani. Abang aliliandika hilo kichwani. Alimfuata mpaka ofisini, akamwona akifungua kabati la chaki na kuitoa nyuma ya ramani zilizokunjwa. Haikuwa nyumbani kwake, penye mke na watoto. Ilikuwa pale, imefungwa.

Karatasi ilikuwa fupi. Hakuna uvimbe. Makovu ya zamani ya kifua kikuu, yaliyopona. Kipande cha chuma nyuma ya bega la kushoto, huenda ni risasi ya zamani.

"Mwalimu," alisema Abang, "wewe ulipigwa risasi wapi?"

"Sijawahi kupigwa risasi."

"Mstari huu uliusoma lini?"

"Siku ile ile. Nikiwa pale sokoni."

Alisema hivyo bila kutafuta kitu cha kujifunika. Abang alikuwa amewahoji wezi, wauaji na mawakili, na hakuwahi kukutana na mtu aliyetaka kukiri kiasi kile. Alimwachia aseme. Mwalimu alieleza kwamba mistari ya juu ilisema yuko salama, na aliisoma hiyo kwanza, akalia. Kisha akafika kwenye risasi, akajua. Aliirudisha karatasi ndani ya bahasha. Alijiambia labda mashine imekosea. Alijiambia labda ni kipande cha bomu la utotoni ambacho hakukisikia kikiingia. Kila wiki alisema Ijumaa nitairudisha kwa yule mama, na kila Ijumaa alikuta sababu.

"Mimi kazi yangu ni kusahihisha," alisema. "Mtoto akiandika saba mahali pa sita, siwezi kulala. Lakini hii niliona kama Mungu ameniandikia yeye mwenyewe, nikaogopa kuigusa."

Alikohoa. Aliitazama leso, akaikunja haraka, lakini Abang alikuwa ameshaona. Alimweleza aliyoyasema Daktari Saturnino: uvimbe mmoja, mdogo, unaweza kukatwa, asiuache ufike Krismasi. Alimwekea mezani filamu zilizokutwa kwa yule wa Mauna na kumwambia hizi ndizo zako. Mwalimu aliitikia kila neno kwa kichwa. Hakuonekana kusikia habari mpya.

"Nimekuwa nikimwombea," alisema. "Yule mwingine. Kila Jumapili, simjui jina."

"Jina lake ni lako."

Mwalimu alimtazama, na Abang aliona hesabu ikipita usoni mwake, upesi, kama inavyopita kwa mtu aliyezoea kuifundisha.

"Kwa hiyo yeye alipewa ya kwangu," alisema. "Wiki sita zote hizi anafikiri ana kansa. Lazima tumwambie leo, Inspekta. Yuko aje?"

Kuna maswali ambayo polisi hujibu kwa swali, na kuna mbinu za kumwandaa mtu. Abang alizifundishwa Kenya, alizijua zote. Alimwambia moja kwa moja, kwa sababu kila njia nyingine ilikuwa ndefu na ingefika pale pale. Watoto walikuwa bado wanasoma. Mwalimu alikaa juu ya sanduku la chaki, akavishika vichwa vya magoti yake, na alilia kwa sauti ambayo darasa la tano liliisikia, maana lilinyamaza.

Abang alisimama mlangoni akapitia sheria yote aliyoikariri. Kuua kwa kukusudia, kuua bila kukusudia, kuficha, kughushi, wizi wa kifurushi. Hapakuwa na kifungu. Alikuwa ametembea kutwa akimtafuta wa kumfunga, na alikuwa amempata mtu aliyekaa kimya kwa sababu alitaka kuishi. Angependa sana kumchukia, na hakuweza.

Alinyoosha mkono apewe bahasha. Mwalimu aliikumbatia.

"Niruhusu niipeleke mwenyewe," alisema.

*

Lam ndiye aliyewafungulia lango. Alimtazama mgeni, akatazama bahasha, akawapisha waingie.

Adut alikuwa uani anaanika sare za shule, ile ndogo na ile kubwa. Abang alimweleza mgeni ni nani. Alilieleza lote, pamoja na ule mstari wa risasi na zile Ijumaa, kwa sababu mjane alikuwa na haki ya lote. Mwalimu alipiga magoti kwenye vumbi na kuinua bahasha kwa mikono miwili. Lam aligeukia ukuta.

Adut aliipokea. Alifuta mikono kwenye kitenge kwanza, kisha akaitoa filamu na kuielekeza jua. Hakuhangaika kuitafuta. Juu kabisa, kwenye safu ya kwanza, bega lilikuwa linawaka, jeupe kuliko mifupa yote, limerusha miale mpaka nje ya mwili. Akaweka kidole pale pale.

"Huyu ndiye," alisema.

Alishuka na kidole polepole, kipande kwa kipande, akipita katika mapafu ya mumewe. Yalikuwa meusi na wazi mpaka chini, makovu machache tu. Mtu yeyote angeona hata bila kusoma. Alifika picha ya mwisho, akarudi juu, akaanza tena.

"Alikuwa mzima," alisema.

Mwalimu alikuwa bado chini. Alijaribu kuzuia kikohozi na hakikuzuilika, kilimtoka kirefu, kinamtikisa mabega, na Adut aliteremsha filamu akamtazama. Alikuwa amekisikia kikohozi cha mumewe miaka mingi, na Abang alidhani sasa atasema neno ambalo anastahili kulisema.

"Basi ya Kampala inatoka lini?" aliuliza Adut.

"Keshokutwa asubuhi," Abang alimjibu.

"Babu yako anaitwa nani?"

"Wol," alisema mwalimu.

Adut aliirudisha filamu ya mumewe ndani ya bahasha, akaishika kifuani.

"Ukifika huko, andika yote matatu. Wakikwambia nafasi hakuna, andika pembeni."

Kisha akampa Lam bahasha, akarudi kwenye kamba, na akaanza kuanua nguo, ingawa zilikuwa bado mbichi na hapakuwa na dalili ya mvua.